Umbo la Molekuli Halikushuka Kutoka Mbinguni

Tunakariri maumbo ya molekuli kama namba za simu, mtihani ukiisha yote yamepotea. Shida ni kwamba hakuna anayetuambia yalitoka wapi.

Mwaka 1874, kijana Mholanzi wa miaka 22, Jacobus van 't Hoff, alisema vifungo vinne vya kaboni haviko bapa vile tunavichora kwa karatasi. Vinaelekea pembe nne za piramidi ya pembetatu. Mfaransa Joseph Le Bel naye alifikia wazo hilo mwaka huo huo. 1877, Profesa Hermann Kolbe wa Leipzig akamkejeli, ati mwalimu wa chuo cha mifugo amepanda farasi mwenye mabawa. Na tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya kemia, 1901, ilienda kwa nani? Huyo huyo van 't Hoff.

Lakini hiyo ilikuwa kaboni. Molekuli zingine je? Sidgwick na Powell mwaka 1940, halafu Gillespie na Nyholm 1957, walitupa njia rahisi: jozi za elektroni husukumana, kila moja ikitafuta nafasi. Kwa kaboni dayoksaidi, oksijeni mbili zinakaa pande tofauti, zinavuta sawasawa, ngoma droo. Kwa maji, oksijeni ina jozi mbili zisizofunga chochote, zinasukuma haidrojeni hadi nyuzi 104.5. Upande mmoja unakuwa hasi, mwingine chanya. Ndiyo maana chumvi huyeyuka majini na mafuta hukataa.

Kwa hivyo wacha kukariri. Hesabu jozi, uliza nani anasukuma nani. Kolbe alikuwa profesa mzima, na bado alikosea.