Mbio za baiskeli barabarani: Anayeanza Muscat aanzie wapi?

Mashindano ya baiskeli ya Tour of Oman, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2010, mara nyingi yamemalizikia katika barabara ya ufukweni ya Matrah, mbele ya bandari kongwe ya mji wa Muscat. Wazungumzaji wa Kiswahili, ambao ni wengi katika mji huo, wana sababu ya ziada ya kuyakumbuka. Mshindi wa mwaka 2013, na tena wa mwaka 2014, alikuwa Chris Froome, Muingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na ambaye alishinda pia Tour de France mara nne.

Froome alianza akiwa mtoto nchini Kenya, akifuatana katika barabara za Kikuyu, nje ya Nairobi, na David Kinjah, mwendesha baiskeli mashuhuri wa Kenya, na vijana aliokuwa akiwafunza. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne.

Habari kama hiyo humtia mtu hamu ya kununua baiskeli. Lakini kati ya kununua baiskeli na kubandika namba mgongoni kuna masafa marefu, na kwa mtu wa Afrika Mashariki anayeishi Muscat zipo hatari ambazo hakuzizoea Mombasa, Moshi wala Unguja. Kinachomwangusha anayeanza huko mara chache huwa ni udhaifu wa miguu.

Upande wa barabara

Nchini Oman vyombo vya usafiri hupita upande wa kulia wa barabara. Mtu aliyetoka Bujumbura au Bukavu hataona tofauti, lakini aliyekulia Kenya, Uganda, Tanzania Bara au Zanzibar amezoea kushoto tangu utotoni, na mazoea hayo hayatoki kwa wiki moja.

Hatari kubwa iko kwenye mizunguko ya barabara, ambayo Watanzania huiita kipilefti. Neno lenyewe, lililozaliwa na amri ya kukaa kushoto, linapotosha likifika Muscat: huko magari yaliyo ndani ya mzunguko hutokea upande wa kushoto wa anayeingia, na jicho lililozoea kutazama kulia huchelewa. Dereva aliye ndani ya gari hukingwa na bati. Mwendesha baiskeli hana kinga hiyo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wauzaji hawalitaji. Katika baiskeli za mtindo wa Kiingereza, zilizoenea Afrika Mashariki, mkono wa kulia kwa kawaida hukamata breki ya mbele. Katika baiskeli nyingi zitokazo bara la Ulaya, mkono wa kulia hukamata breki ya nyuma. Anayebana ghafla breki ya mbele akidhani ni ya nyuma anaweza kurushwa juu ya usukani. Kabla ya kuondoka dukani, mnunuzi abane breki moja moja na kutazama ni gurudumu lipi linaloshikwa.

Wiki za mwanzo ni vyema zitumike mapema asubuhi katika barabara tulivu. Barabara kuu ya Sultan Qaboos, yenye njia nyingi na magari yaendayo kasi, si mahali pa kujifunzia.

Joto

Mwezi Februari mwaka 2015, ambao kwa Oman ni msimu wa baridi, wanamichezo wa kulipwa walisimama katikati ya hatua ya tano ya Tour of Oman na kukataa kuendelea. Siku hiyo palikuwa na dhoruba ya mchanga pamoja na joto kali, na kwenye mteremko wa barabara iliyo kati ya Bousher na Al Amerat tairi za baadhi yao zilianza kupasuka. Bingwa wa zamani Eddy Merckx, aliyekuwa miongoni mwa waandaaji, hakufurahishwa, lakini mwishowe hatua hiyo ilifutwa.

Breki za wakati ule zilibana rimu ya gurudumu, na rimu ikichemka hewa iliyomo ndani ya tairi hutanuka. Leo baiskeli nyingi za mashindano hutumia breki za diski, ambazo huliondoa joto hilo mbali na tairi. Hata hivyo, funzo la mteremko halijabadilika: breki hubanwa kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha huachiwa. Anayezishikilia tangu kileleni hadi bondeni huzichosha breki na mikono pia.

Ikiwa mambo yalikuwa hivyo mwezi Februari, msimu wa kiangazi hauna haja ya maelezo marefu. Mwezi Juni mwaka 2018, huko Qurayyat, kusini mashariki mwa Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi kwa usiku na mchana mzima. Kuanzia Mei hadi Septemba, basi, waendesha baiskeli hutoka kabla ya alfajiri wakiwa na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na hurejea jua likiwa bado chini. Katika mwezi wa Ramadhani wengi husubiri usiku, au hutoka kwa mwendo wa taratibu muda mfupi kabla ya magharibi ili maji yasiwe mbali.

Mwili wenye afya huhitaji takribani wiki mbili za mazoezi mepesi ili uzoee joto. Mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege Jumatano hana sababu ya kufuatana na kundi la kasi Ijumaa. Akiwa barabarani anywe nusu lita ya maji kwa saa au zaidi, yenye chumvi kidogo ikiwa safari ni ndefu. Kizunguzungu, kichefuchefu au kuhisi baridi wakati jua linawaka ni dalili za kusimama mara moja, kutafuta kivuli na kujimwagia maji. Kuvumilia hapo si ushujaa.

Chakula cha safarini si tatizo nchini Oman. Sehemu kubwa ya uzito wa tende kavu ni sukari, na tende chache mfukoni hufanya kazi ile ile ya vyakula vya viwandani vinavyouzwa kwa bei kubwa katika maduka ya michezo.

Baiskeli ya kuanzia

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Baiskeli iliyotumika, yenye fremu ya alumini na inayomfaa mwenyewe kwa urefu, inatosha kwa mwaka wa kwanza, na wafanyakazi wa kigeni wanaohama Oman mara nyingi huuza vyombo vyao. Mnunuzi achunguze nyufa kwenye fremu, uchakavu wa mnyororo na tarehe ya tairi, kwa sababu mpira uliokaa muda mrefu katika joto hukauka na kupasuka hata kama haukutembea. Helmeti inunuliwe mpya. Aidha, ajifunze kuziba pancha kwa mikono yake mwenyewe: nje ya mji, katika barabara ya kuelekea Qurayyat, hakuna fundi chini ya mwembe.

Kukaa ndani ya kundi

Mtu anaweza kuwa na nguvu nyingi na bado asifae kwa mbio za barabarani. Sababu ni upepo. Anayeendesha karibu nyuma ya mwenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu, pengine robo au theluthi, na ndiyo maana mbio hizi huamuliwa na ujuzi wa kujificha na kujitokeza kuliko na mapafu peke yake.

Ujuzi huo haupatikani kwa mazoezi ya peke yake. Anayeanza atafute kundi linalotoka asubuhi za Ijumaa au Jumamosi, siku za mapumziko nchini Oman, na aulize waziwazi ni kundi lipi la mwendo wa taratibu. Maduka ya baiskeli ya Muscat ndiyo mahali rahisi pa kupata habari hizo.

Siku za mwanzo akae nyuma, akiacha nafasi ya mita moja au zaidi. Asiingize gurudumu lake la mbele ubavuni mwa gurudumu la nyuma la aliye mbele yake. Magurudumu hayo yakigusana, anayeanguka karibu kila mara ni wa nyuma, na walio nyuma yake humwangukia. Macho yatazame mabega ya walio mbele, si tairi. Aliye mbele huonyesha kwa mkono mashimo na mchanga, na kila mmoja hupitisha ishara hiyo kwa aliye nyuma.

Zamu ya kuongoza ikimfikia, asiongeze kasi. Kosa hilo la wageni hutokana na heshima, kwa maana mtu hataki aonekane mzembe, lakini hulivunja kundi. Aongoze kwa mwendo ule ule kwa dakika moja, kisha ajiondoe pembeni kwa upande uliokubaliwa na arudi nyuma.

Anayefanya mazoezi mara tatu au nne kwa wiki, nyingi zikiwa za mwendo ambao bado anaweza kuzungumza, huwa tayari kwa mashindano madogo baada ya miezi mitatu au minne.

Mbio za kwanza

Mwanzo wa mbio huwa wa kasi kuliko inavyotazamiwa. Wengi huachwa katika mlima wa kwanza, na hakuna aibu katika hilo. Miinuko ya Oman si ya kawaida: ule wa Jabal Akhdar, ambako mara kadhaa mshindi wa Tour of Oman ameamuliwa, una urefu unaokaribia kilomita sita na mwinuko wa wastani unaozidi asilimia kumi. Lengo la busara kwa mara ya kwanza ni kumaliza bila kumwangusha mtu.

Atakayetaka kuendelea katika mashindano rasmi atahitaji leseni. Kwa taratibu za shirikisho la kimataifa la mchezo huo, UCI, leseni kwa kawaida hutolewa na chama cha nchi anakoishi mwanamichezo, kwa hiyo mkaazi wa Muscat huelekea kwa chama cha baiskeli cha Oman, hata kama pasipoti yake ni ya Kenya au ya Tanzania. Uteuzi wa timu ya taifa, kwa upande wake, hufuata uraia. Froome, ambaye alikuwa na haki ya uraia wa Uingereza, alihamia leseni ya nchi hiyo mwaka 2008, na ushindi wake wote wa Muscat uliandikwa chini ya bendera hiyo.