Betri ya Nusu Peni: Faraday Alipokuwa Akisaga Lami

Leo naomba mnivumilie, kwani sitaandika kuhusu programu wala simu mpya. Leo ni historia. Lakini ni historia inayotuhusu sisi tuliokua tukifungua redio ya baba na kushindwa kuifunga kabla hajarudi kazini.

Wengi wetu tulikutana na Michael Faraday katika somo la fizikia, shule ya upili. Sumaku, koili ya waya, sindano ya galvanomita inacheza, mwalimu anafuta ubao, kengele inalia. Hatukuambiwa kwamba kabla ya hayo yote alikuwa kijana wa miaka 21 asiye na shahada wala cheti, fundi wa kujalidi vitabu, ambaye alichezea betri za kujitengenezea na huku akiwaandikia wakubwa barua za kuomba kazi. Kila nikisoma habari zake za mwaka 1812 najikumbuka mwenyewe mwaka 2004, na bahasha yangu ya kaki, nikipita lango baada ya lango kule Eneo la Viwandani, Nairobi, na kila lango lina kibao kile kile: HAKUNA KAZI.

Basi tuanze mwanzo.

Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, mahali paitwapo Newington Butts, kusini mwa mto Thames, London. Babake alikuwa mhunzi mwenye afya mbovu, na nyumbani mkono ulikwenda kinywani kwa shida. Shuleni alipata kusoma, kuandika na hesabu kidogo, yakaishia hapo. Mwaka 1804 alianza kusambaza magazeti kwa niaba ya Bwana George Riebau, mwenye duka la vitabu Blandford Street. Mwaka uliofuata Riebau akamchukua kuwa mwanagenzi wa kujalidi kwa miaka 7. Kwa kawaida mzazi alilipa ada ili mwanawe afunzwe kazi. Riebau hakudai hata senti, kwa kuwa kijana alikuwa amemtumikia vizuri.

Ndugu msomaji, shika hilo la ada iliyosamehewa. Tutalirudia.

Kazi ya kujalidi ina faida moja: kitabu cha mwenyewe kinalala mezani kwako siku kadhaa. Faraday alivisoma vile alivyovishona. Alisoma makala kuhusu umeme katika Encyclopaedia Britannica, na kitabu cha kemia cha Jane Marcet. Tena hakusoma tu, alijaribu. Alitengeneza mashine ya umeme tuli, kwanza kwa chupa ndogo, baadaye kwa silinda halisi ya kioo. Julai 1812 alimwandikia rafiki yake Benjamin Abbott kumweleza betri aliyoiunda: vipande 7 vya zinki vilivyokatwa kwa ukubwa wa sarafu ya nusu peni, sarafu zenyewe 7 za shaba, na katikati karatasi 6 zilizoloweshwa maji ya chumvi. Kwa mnara huo mdogo wa sarafu akaweza kuichanganua magnesiamu salfeti. Ukiisoma barua hiyo unaiona furaha ya mtu ambaye programu yake imekubali kufanya kazi saa tisa za usiku, na hana wa kumwamsha amwambie.

Lakini nusu peni 7 si kitu cha kuchezea kwa mtu maskini. Najua. Kompyuta yangu ya kwanza niliiunganisha kwa vipande vya Luthuli Avenue, kimoja kimoja, kila kimoja ni chakula cha mchana nilichokikosa. Haikuwa na kifuniko, na paka wa jirani alipenda kulala juu yake kwa sababu ya joto.

Sasa tuulize: nani alikuwa akimgharamia huyu Faraday?

Mihadhara ya sayansi ya Bwana John Tatum ilikuwa shilingi moja kwa kila jioni. Mwanagenzi hana mshahara wa kutoa shilingi. Aliyelipa ni kaka yake Robert, ambaye naye alikuwa mhunzi kama baba yao. Michoro ya vifaa ndani ya daftari zake aliimudu kwa sababu mchoraji mmoja, Masquerier, aliyekuwa akiishi kwa Riebau, alimfundisha kuchora, na Faraday akamlipa kwa kumsafishia chumba. Kisha mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, akampa tiketi za mihadhara 4 ya mwisho ya Sir Humphry Davy katika Royal Institution, Albemarle Street. Davy ndiye aliyekuwa nyota wa kemia wa Uingereza nzima. Faraday alikaa juu roshanini, akaandika kila kitu, akarudi nyumbani akaandika upya kwa hati safi, akachora vifaa, kisha akafanya kile alichokijua kuliko mtu yeyote ukumbini mle: akakijalidi kitabu.

Mnaona? Tunapenda kusimulia hadithi ya kipaji kilichojitokeza chenyewe. Ukizihesabu gharama unakuta ada ya Riebau, shilingi za Robert, somo la Masquerier, tiketi za Dance. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mwanasayansi. Kwangu mimi alikuwa dada yangu, aliyeuza mboga Kawangware na kunipa nauli kila Jumatatu bila kuuliza nilifika wapi wiki iliyopita.

Oktoba 1812 uanagenzi ukaisha. Faraday akaajiriwa kujalidi kwa bwana mwingine, De la Roche, mtu wa hasira za karibu. Alikuwa na kazi, ndiyo, ila hakuwa na ile aliyoitaka. Barua za kuomba kazi alikuwa ameshaanza kuzituma alipokuwa bado mwanagenzi.

Barua moja ilikwenda kwa Sir Joseph Banks, rais wa Royal Society, mkubwa wa wakubwa katika sayansi. Kijana aliomba kazi yoyote, hata ya chini kabisa, mradi iwe karibu na maabara. Jibu halikuja.

Barua nyingine, Desemba 1812, ilikwenda kwa Davy, pamoja na kile kitabu alichokijalidi. Davy alijibu Desemba 24. Fikiria: mkesha wa Krismasi, mtu mashuhuri, anamjibu fundi asiyemjua! Januari 1813 wakaonana. Je, alimpa kazi? La. Alimwambia kweli: nafasi hakuna, sayansi hailipi, ushike ujalidi wako. Akamwahidi tu kwamba vitabu vya Institution vikihitaji kujalidiwa atamkumbuka. Ukiwa umewahi kusaga lami unaijua kauli hiyo, “tutakupigia simu,” na unajua kwamba simu hailii.

Safari hii ililia. Februari 1813 msaidizi wa maabara, William Payne, alipigana na mtengeneza vifaa, John Newman, na Payne akafutwa. Usiku mmoja Faraday alikuwa akivua nguo alale, Weymouth Street, mlango ukabishwa kwa kishindo. Mtumishi wa Davy ameleta ujumbe: njoo kesho. Machi 1, 1813, akaajiriwa kwa shilingi 25 kwa wiki, vyumba viwili juu kabisa ya jengo, makaa na mishumaa.

Kuna kisa kinachosimuliwa kwamba Davy alimwomba ushauri rafiki yake mmoja: nimfanyie nini kijana huyu? Rafiki akasema mpe chupa aoshe, akikubali anafaa, akikataa hafai. Davy akasema hapana, tumjaribu na kitu bora kuliko hicho. Hata hivyo chupa alizisafisha, kwani ndiyo kazi ya msaidizi wa maabara. Na Oktoba mwaka huo, Davy alipofunga safari ya Ulaya na mtumishi wake akakataa kwenda, Faraday ndiye aliyebeba pia shughuli za mtumishi, na mke wa Davy alimchukulia hivyo hivyo, mtumishi, hadi waliporudi Aprili 1815.

Mimi nilianza kwa kufagia saiba. Nilikuwa nikimtengenezea mwenye saiba mashine zake zilizoliwa na virusi, naye ananilipa kwa dakika za mtandao, kwani wakati huo dakika ilikuwa shilingi na mimi shilingi sina. Siku fundi wake alipoacha kazi bila kuaga, alinijua kwa jina. Hiyo ndiyo CV yangu iliyofanya kazi. Zile za bahasha sikuwahi kujibiwa hata moja.

Mwaka 1831 kijana yule wa nusu peni aligundua kwamba sumaku ikisogea ndani ya koili huzaa umeme. Jenereta za Kindaruma, zilizoanza kuzunguka kwa maji ya mto Tana mwaka 1968, zinafanya jambo hilo hilo. Stima inayowasha skrini ninayoandikia hapa ina deni kwa barua iliyojibiwa mkesha wa Krismasi.

Sasa nifike kwa kilichonisukuma kuandika haya, na si jambo la kujisifia.

Wiki tatu zilizopita nilipata barua pepe kutoka kwa kijana mmoja wa magharibi mwa Kenya. Kiingereza chake kilikuwa kimeparaganyika. Hana shahada. Lakini alikuwa ameambatisha picha ya mashine ya kuangulia mayai aliyoiunda ndani ya jokofu bovu, yenye kupima joto lenyewe na kumtumia ujumbe kwenye simu stima ikipotea. Alikuwa akiomba kazi yoyote. Niliisoma nikiwa na haraka, nikasema moyoni sina nafasi, nikaifunga. Kwa siku ishirini na moja nilikuwa Joseph Banks, nami sikujijua.

Kisingizio changu kilikuwa cha kweli: nafasi sina. Sisi ni watu wanne katika ofisi ya chumba kimoja. Ila Davy naye hakuwa na nafasi Desemba ile. Alichokuwa nacho ni karatasi na kalamu. Na kama asingejibu, Februari maabara ilipobaki bila msaidizi asingekuwa na jina la kulikumbuka usiku ule.

Jana usiku nilimjibu. Sikumdanganya, nilimwambia kazi kwa sasa hakuna. Nikamwomba anitumie mchoro wa nyaya na programu yenyewe niipitie, na nikamwonyesha pahali pawili ambapo kwenye picha niliona waya uliowekwa karibu mno na taa ya joto, usije ukamuunguzia vifaranga. Nikamuuliza pia ni nani aliyempa pesa za vifaa, kwani nilitaka kujua.

Hadi naandika haya hajajibu. Labda wiki tatu zimemchosha, labda saiba ya kwao hufungwa mapema. Kesho nitampigia simu, namba aliiandika chini ya jina lake.

Na wewe msomaji uliye na kazi, angalia kisanduku chako cha barua kabla ya kulala.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Nitarudi kwenye mambo yetu ya kawaida.