Tuta Lisilolimwa: Historia ya Kitenzi cha Kiingereza "Balk"

Miongoni mwa vitenzi vya Kiingereza vinavyoeleza kutotaka, "balk" hakina bahati mikononi mwa wafasiri. Aghalabu hufasiriwa kuwa kukataa, na kazi ikaendelea. Taarifa ya habari ikikitumia kuhusu serikali iliyowekewa masharti ya mkopo, msomaji wa Kiswahili huambiwa kwamba serikali imekataa masharti hayo. Baada ya juma moja husoma kwamba serikali ile ile imetia sahihi, naye huamua kwamba ama serikali ni kigeugeu ama gazeti ni rongo. Kumbe taarifa ya kwanza haikutaja jibu lolote. Ilisema tu kwamba serikali ilisimama ghafula mbele ya kitu kilichoitia shaka. Asili ya tofauti hiyo imo katika kilimo cha Uingereza ya kale.

Nomino ndiyo iliyotangulia. Katika Kiingereza cha Kale "balca" lilikuwa tuta au ukingo wa ardhi, na jamaa yake wa Kinorse cha Kale, "bálkr", alihusika na kukua kwa maana hiyo. Asili ya mbali zaidi ni gogo au ubao mrefu. Katika Kijerumani cha leo "Balken" ni boriti. Tawi jingine la ukoo huu lilipitia Italia na kurudi Kiingereza katika karne ya 17 likiwa jina la roshani, hata mkaazi wa Nairobi anayesema "balkoni" hutamka ndugu wa neno hili bila ya kujua.

Tuta linalosemwa hapa halifai kuchanganywa na tuta la mkulima wa viazi vitamu. Hili la kwetu huinuliwa kwa jembe. Lile la Kiingereza lilibaki juu kwa sababu plau haikuligusa. Katika mashamba ya wazi ya Zama za Kati, kila mwanakijiji alikuwa na vipande virefu vyembamba vilivyotawanyika kati ya vipande vya wenzake, na ukanda wa nyasi ulioachwa bila kulimwa uliweza kuwa mpaka, njia ya kupita au mahali pa kufunga mnyama ale. Wanahistoria hawakubaliani kuhusu wingi wa kanda hizo. Frederic Seebohm, katika kitabu chake cha 1883 juu ya jamii ya kijiji cha Kiingereza, alizichora kuwa mipaka ya kawaida kati ya kipande na kipande. C. S. Orwin na mkewe, waliochapisha utafiti wao mwaka 1938, walipinga: kwa maoni yao mfuo ulioachwa na plau yenyewe ulitosha kuwa mpaka. Hoja ya akina Orwin ina uzito, kwani walijua kazi ya plau. Hata hivyo kwa mwanaisimu inatosha kwamba kitu chenyewe kilikuwapo na kilikuwa na jina.

Kitenzi kilitoka katika nomino hiyo mwishoni mwa karne ya 14. Maana yake ya kwanza ilikuwa kuacha sehemu bila kulimwa wakati plau inapita. Kilikuwa kitenzi elekezi: kiima chake ni mlimaji, yambwa yake ni ardhi iliyorukwa. Hakikuwa na kutotaka ndani yake. Mara nyingi kilitaja kosa la mkono uliotetereka. Kufikia katikati ya karne ya 15 kilikuwa kimetoka shambani na kuwa na maana ya kupuuza au kupita jambo kwa makusudi, na hapo ndipo nia ilipoingia. Shakespeare katika "Twelfth Night", tamthilia ya mwanzoni mwa karne ya 17, bado anakitumia kwa nafasi iliyoachwa ipite.

Mageuzi makubwa yalikwisha kutokea wakati huo. Mwishoni mwa karne ya 15 kitenzi kilianza kutumiwa kwa farasi asimamaye ghafula mbele ya kizuizi. Tuta lililokuwa limerukwa na plau sasa limesimama mbele ya mnyama. Kisarufi, yambwa imeondoka na kitenzi kimekuwa si elekezi. Chombo cha kosa kimekuwa kiumbe chenye hofu. Tangu miaka ya 1580 kinapatikana pia kwa maana ya kukataa, nacho hufuatwa na kihusishi kinachoonyesha kitu kilichosababisha kusimama. Sambamba na hayo, utumizi elekezi uliendelea kwa maana ya kumzuia mtu asipate alichokusudia. Hivyo kitenzi kimoja chaweza kusema kwamba mtu amesimama, au kwamba amesimamishwa.

Ardhi iliyokizaa kitenzi hiki ilipotea baadaye. Kati ya 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia mashamba ua, zikahusu takriban ekari milioni 6.8. Njia za nyasi na haki za malisho za maskini zilikwenda pamoja na mipaka ya zamani. John Clare, mshairi aliyezaliwa Helpston mwaka 1793, aliona sheria ya 1809 ikibadili kijiji chake, na katika mashairi yake nomino ile ingali ni mahali pa kutembea. Kwa Waingereza wengi wa leo ni kitenzi tu kilichobaki, pamoja na mstari wa meza ya biliadi ambao wachezaji hawaulizi asili yake.

Ushahidi mzuri wa maana ya kusimama unapatikana Marekani, katika mchezo wa besiboli. Mrushaji aliyekwisha kuanza mwendo wa kurusha mpira akaukatiza, hali mpinzani yuko kituoni, ametenda kosa lenye jina hili hili, na kila mkimbiaji husogezwa kituo kimoja. Hakuna aliyekataa kitu hapo. Mwendo umeanza na haukutimia.

Kiswahili hakikosi maneno ya kutotaka. Kususa kuna kinyongo ndani yake: mtoto husoa chakula kwa sababu ameudhiwa. Kukaidi kunahitaji amri iliyotangulia. Kusita ni kwa moyo, na hakuhitaji kizuizi kinachoonekana. Kinachokaribia zaidi ni kugoma, kwa kuwa punda hugoma njiani na gari hugoma kuwaka, bila ya yeyote kati yao kutoa jibu. Lakini kugoma nako kuna historia yake. Baada ya migomo ya wafanyakazi wa bandari ya Mombasa mwaka 1939 na mgomo mkuu wa mji huo Januari 1947, msikiaji anayeambiwa kwamba watu wamegoma huona umati, madai na siku za kazi zilizopotea. Kwa punda neno linafaa kabisa. Kwa waziri wa fedha litazua kisa kingine.

Kwa hiyo mfasiri wa ile taarifa ya mkopo afadhali aandike kwamba serikali imesita kuyakubali masharti, au, akitaka kuhifadhi ule mshtuko wa farasi, kwamba imeyaona masharti ikarudi nyuma. Kukataa akuweke mpaka barua ya kukataa itakapopelekwa. Na pale kitenzi kinapokuwa elekezi, kama kwa mwindaji aliyenyang'anywa windo lake mlangoni mwa tundu, hakuna msaada wowote katika kusita wala kugoma; hapo neno ni kukoseshwa.