Uharamia wa muziki na filamu: Kwa nini sheria pekee haijautokomeza

UHARAMIA wa muziki na filamu ni kitendo cha kunakili, kusambaza au kuuza kazi ya msanii bila idhini ya mwenye hakimiliki. Zamani ulifanyika kwa kaseti na kanda za video. Leo hufanyika zaidi kwa njia ya intaneti, ambako nakala moja huweza kuwafikia maelfu ya watu kwa siku moja bila kupungua ubora wake.

Kwa zaidi ya miaka 25 serikali na kampuni za burudani zimepambana nao kwa mahakama, polisi, misako na stempu. Hata hivyo, historia ya vita hivyo inaonyesha kuwa uharamia hupungua zaidi pale ambapo kazi halali inapatikana kwa wakati, kwa bei ambayo mwananchi anaimudu na kwa njia ya malipo aliyonayo mkononi. Kwa wasanii wa Afrika Mashariki suala hili ni la riziki, kwani wengi wao hawana mfuko wa kampuni kubwa wa kuwaegemeza pale kazi zao zinapoibwa.

Kutoka Napster hadi Spotify

Mwaka 1999 kijana wa Marekani, Shawn Fanning, alianzisha Napster, programu iliyowawezesha watu kubadilishana nyimbo zilizohifadhiwa katika kompyuta zao. Katika muda mfupi ilipata watumiaji makumi ya mamilioni. Kampuni za muziki ziliifungulia mashitaka Desemba mwaka huo huo, na Julai 2001 huduma hiyo ilizimwa. Kuzimwa kwake hakukuleta nafuu iliyotarajiwa. Watumiaji walihamia Kazaa, LimeWire na baadaye BitTorrent, mfumo uliobuniwa mwaka 2001 na Bram Cohen, ambao hauhitaji kompyuta moja kuu inayoweza kuzimwa kwa amri ya mahakama.

Septemba 2003 chama cha kampuni za muziki za Marekani, RIAA, kilianza kuwashitaki watumiaji wenyewe, kikianza na watu 261. Hadi kampeni hiyo ilipositishwa mwaka 2008, waliokuwa wameandamwa walifikia takriban 35,000, wakiwamo wanafunzi na wazazi ambao watoto wao ndio waliotumia kompyuta. Ubadilishanaji wa nyimbo uliendelea.

Wakati kesi hizo zikifanyika, jambo jingine lilikuwa linatokea kando. Aprili 2003 kampuni ya Apple ilifungua duka lake la muziki la iTunes, ikauza wimbo mmoja kwa senti 99 za dola bila kumlazimisha mteja kununua albamu nzima. Nyimbo milioni moja ziliuzwa katika wiki ya kwanza. Kwa mara ya kwanza mnunuzi alipata kwa njia halali kile ambacho Napster ilikuwa imemzoesha: wimbo anaoutaka, saa anayoutaka.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Sweden. Huko ndiko ilikoanzishwa The Pirate Bay mwaka 2003, tovuti iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote kwa uharamia. Aprili 2009 mahakama ya Stockholm iliwahukumu watu wanne waliohusika nayo kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja na fidia ya kronor milioni 30. Tovuti yenyewe haikufa. Lakini katika mji huo huo wa Stockholm, mwaka 2006, Daniel Ek na Martin Lorentzon walikuwa wameanzisha kampuni ya Spotify, na huduma yao ilianza kutolewa Oktoba 2008. Mtumiaji aliweza kusikiliza mamilioni ya nyimbo bure akivumilia matangazo, au kwa ada ya mwezi bila matangazo.

Takwimu za shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki, IFPI, zinasimulia kilichofuata. Mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yaliporomoka kutoka takriban dola bilioni 22 mwaka 1999 hadi takriban bilioni 13 mwaka 2014, kisha yakapanda mwaka hadi mwaka na kufikia bilioni 29.6 mwaka 2024. Sehemu kubwa ya fedha hizo sasa inatokana na usikilizaji wa moja kwa moja kupitia intaneti.

Bei isiyolingana na kipato

Mwaka 2011 Baraza la Utafiti wa Sayansi ya Jamii la Marekani lilitoa ripoti ndefu iliyohaririwa na Joe Karaganis, kuhusu uharamia katika nchi zikiwamo Afrika Kusini, Brazil, India, Mexico na Urusi. Ripoti hiyo ilieleza kuwa chimbuko la uharamia ni mambo matatu yanayokutana: bei kubwa, kipato kidogo na teknolojia ya kunakili iliyo rahisi. Ilibainisha kuwa nchini Brazil, Urusi na Afrika Kusini, bei ya CD au DVD halali, ikipimwa kwa kipato cha wananchi, ilikuwa kubwa mara 5 hadi 10 kuliko ilivyokuwa Marekani au Ulaya.

Kwa lugha nyepesi, mfanyakazi wa Johannesburg alitakiwa kulipa bei ya London kwa mshahara wa Johannesburg. Aliyeshindwa hakuacha kutazama filamu, aliinunua barabarani.

Kariakoo na vibanda umiza

Hali ya Afrika Mashariki ilikuwa na ugumu wa ziada. Katika miaka ya 2000 mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi aliyetaka filamu mpya ya Hollywood kwa njia halali alikuwa na majumba machache ya sinema, au televisheni ya kulipia ambayo ada yake ilikuwa nje ya uwezo wa wengi. Duka la iTunes lilihitaji kadi ya benki ya kimataifa, kitu ambacho wananchi wengi hawakuwa nacho.

Pengo hilo lilizibwa na wachuuzi. Maduka ya kukodisha kanda, wauzaji wa DVD wa Kariakoo na River Road, na vibanda umiza vya mitaani, ambako mtazamaji alilipa kiingilio kidogo na kuketi kwenye benchi, ndivyo vilivyokuwa soko halisi la filamu. Diski moja ilibeba filamu 10 au zaidi. Baadaye vikaja vibanda vya kuingiza nyimbo katika simu, ambako mteja aliacha kadi yake ya kumbukumbu na kuichukua ikiwa imejaa.

Soko hilo halikushinda kwa bei peke yake. Lilitoa pia kitu ambacho wenye filamu hawakufikiria kukitoa, yaani lugha. Wasimulizi wa Tanzania walitafsiri filamu za Marekani, India, China na Nigeria kwa Kiswahili, sauti zao zikipita juu ya sauti za waigizaji, na mtazamaji asiyejua Kiingereza akaelewa kisa. Uganda nayo ilikuwa na wasimulizi wake kwa Kiganda. Mtazamaji huyo, hata angekuwa na fedha, hakuwa na duka halali la kununua filamu ya aina hiyo.

Aliyeumia zaidi katika soko hilo ni msanii wa nyumbani. Studio ya Hollywood hupata mapato yake kwanza katika nchi nyingine, hivyo Kariakoo kwake ni hasara ndogo. Mtayarishaji wa filamu wa Tanzania soko lake ni hilo hilo moja. Filamu yake ikidurufiwa wiki ile ile inayotoka, hana pengine pa kurudishia gharama. Aidha, diski yake yenye filamu moja ilipangwa mezani sambamba na diski ya kigeni yenye filamu kumi, ambayo muuzaji wake hakulipa chochote kwa mwenye kazi. Malalamiko hayo ndiyo yaliyowafanya wasanii wa filamu waandamane Kariakoo mwaka 2017.

Sheria na stempu

Sheria hazikukosekana. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo ambacho sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ambayo marekebisho yake ya 2019 yaliweka utaratibu wa kuwataka watoa huduma za intaneti waondoe kazi zilizowekwa bila idhini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 nayo inagusa ukiukaji wa haki za ubunifu.

Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilianza kutumia stempu za kodi kwa bidhaa za muziki na filamu, ili mnunuzi na mkaguzi waweze kutofautisha diski halali na bandia. Mpango huo ulikuwa na mantiki, lakini ulikuja wakati diski yenyewe ikielekea ukingoni. Stempu hubandikwa kwenye kasha. Haiwezi kubandikwa kwenye wimbo unaorushwa kutoka simu moja hadi nyingine, wala kwenye filamu inayogawiwa katika kundi la WhatsApp au Telegram.

Njia halali zilipofika

Mabadiliko yalianza na miundombinu. Mwaka 2009 mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani ya Afrika Mashariki, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti zenye gharama kubwa. Wakati huo M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ilikuwa imekwisha kumpa mwananchi njia ya kulipa bila kadi ya benki.

Dalili za kwanza za matokeo zilionekana kwenye milio ya miito ya simu. Watu walioitwa wezi wa muziki walikubali kukatwa salio ili anayewapigia asikie wimbo waupendao. Mgawanyo wa fedha hizo baina ya kampuni za simu, mawakala na wasanii umelalamikiwa mara nyingi, lakini milio hiyo ilithibitisha kuwa msikilizaji hulipa pale malipo yanapokuwa madogo na rahisi.

Huduma nyingine zikafuata. Mdundo, iliyoanzia Nairobi na kuorodheshwa katika soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, ilimruhusu mtumiaji kupakua wimbo bure na kwa njia halali, ukiwa na tangazo fupi mwanzoni, na mapato ya tangazo kugawanywa na msanii. Boomplay, iliyoanzishwa mwaka 2015 na kampuni inayotengeneza simu za Tecno, iliwekwa tayari ndani ya simu hizo. Spotify ilifika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda Februari 2021. Kwa upande wa filamu, Netflix ilifunguliwa Afrika Mashariki Januari 2016, na mwaka 2023 ikapunguza bei katika nchi kadhaa, Kenya ikiwamo. Ving'amuzi vya Azam navyo vilipeleka filamu za Kiswahili katika nyumba ambazo zamani zilitegemea DVD ya Kariakoo.

Gharama iliyojificha

Bado lipo jambo ambalo tangazo la bei halitaji. Mtazamaji wa filamu kwa intaneti hulipa mara mbili: ada ya huduma, na kifurushi cha intaneti. Saa moja ya filamu kwa ubora wa kawaida huweza kutumia GB 1, na kwa ubora wa juu GB 3. Kwa anayenunua vifurushi vya siku, filamu mbili tatu huweza kumgharimu kuliko ada ya mwezi mzima. Ndiyo sababu filamu inayopakuliwa mara moja na mtu mmoja, kisha kugawiwa kwa jirani bila kifurushi, inaendelea kuwa na wateja.

Bei nafuu nayo ina upande wa pili. Ada ikiwa ndogo, na matangazo yakilipiwa fedha kidogo kuliko ya Ulaya, kinachomfikia msanii kwa kila mara wimbo unaposikilizwa hupungua. Kwa mujibu wa IFPI, mapato ya muziki uliorekodiwa kusini mwa Jangwa la Sahara yalivuka dola milioni 100 kwa mara ya kwanza mwaka 2024, na takriban robo tatu yalitoka Afrika Kusini. Nchi nyingine zote ziligawana robo iliyobaki. Kupungua kwa uharamia, kwa hiyo, ni hatua ya kwanza tu kwa msanii. Ya pili ni mgawanyo wa haki wa kile kilichokusanywa.

Uharamia warejea

Wakati muziki ukionekana kupata dawa, filamu na tamthilia zimechukua njia ya kinyume. Kazi ambazo awali zilipatikana katika huduma moja au mbili sasa zimetawanywa katika huduma nyingi, kila moja ikidai ada yake. Bei nazo zimepanda hata kwa muziki: Spotify, iliyotoza dola 9.99 kwa mwezi nchini Marekani tangu 2011, ilianza kuongeza bei hiyo mwaka 2023. Kampuni ya MUSO ya London, inayofuatilia uharamia, ilihesabu matembezi bilioni 130 katika tovuti za kiharamia mwaka 2020. Mwaka 2024 yalikuwa takriban bilioni 216.

Ongezeko hilo limetokea hata katika nchi tajiri, zenye sheria kali na mahakama zenye nguvu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini hata kizuri hakijiuzi kikiwa hakipo sokoni, au kikiwa sokoni kwa bei ambayo mnunuzi haifikii. Sheria ina kazi yake ya kumwadhibu anayefanya biashara ya jasho la mwenzake, ila haiwezi kufanya kazi ya duka. Mtayarishaji wa filamu wa Dar es Salaam anahitaji vyote viwili: mahakama itakayomlinda dhidi ya mdurufu, na njia ya mtazamaji wa Mbagala au Mwanza kumlipa kwa simu, kwa kiasi anachokimudu, siku ile ile filamu inapotoka.