Huruma na Mipaka Yake

Huruma ni hali ya moyo kuguswa na taabu ya mwingine hata ukasukumwa kumsaidia. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anaihesabu kuwa fadhila, ila kwa sharti kwamba huzuni tunayoipata kwa ajili ya jirani iongozwe na akili. Isipoongozwa hivyo, hubaki hisia tu, nayo yaweza kumdhuru anayeitoa na hata anayeipokea.

Katika sura ya 6 ya Barua kwa Wagalatia, Mtume Paulo anatuagiza kuchukuliana mizigo (aya ya 2), kisha anasema kwamba kila mmoja atabeba wa kwake (aya ya 5). Maneno hayo hayagongani. Kwa Kigiriki, mzigo wa kwanza ni baros, uzito unaomwelemea mtu. Wa pili ni phortion, neno lililotumika hata kwa shehena ya chombo, yaani mzigo uliopangiwa mbebaji wake.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo, msiba, maradhi na njaa ni mizigo ya aina ya kwanza. Lakini deni la pombe analolirudia kila mwezi ndugu mwenye afya na kazi ni la kwake. Mama anayelilipa kwa ada ya shule ya wanawe hudhani amebeba msalaba, kumbe amewatwika watoto. Kumnyima ndugu huyo fedha, huku tukiendelea kumtembelea na kumkaribisha mezani, si ugumu wa moyo.

Tuseme pia upande wa pili, kwa kuwa neno "mipaka" siku hizi limekuwa jepesi mno midomoni mwetu. Asiyekwenda hospitali kumwona mgonjwa kwa sababu ya uvivu hajaweka mpaka wowote, amemwacha jirani.

Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux alimwandikia Papa Eugenio III, aliyekuwa mtawa wake na kuchaguliwa Papa mwaka 1145, akimwonya kwamba anayejitoa kwa watu wote asijisahau mwenyewe, kwani naye ni mmoja wao.

Tumtazame tena Msamaria mwema katika Luka sura ya 10. Alimfunga majeraha yule mtu, akamlaza katika nyumba ya wageni na kumuuguza. Kesho yake alitoa dinari mbili, akamkabidhi kwa mwenye nyumba, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Kisha akaendelea na safari yake.