Tenda bila ushindani? Kwa hawa, naielewa

Tukisikia tenda imepeanwa bila ushindani, tunashuku wizi, na si bure. Lakini cheki JASON, wanasayansi wanaoishauri serikali ya Marekani tangu 1960. Wakati wa vita vya Vietnam waliiandikia kwamba mabomu madogo ya nyuklia hayangeisaidia huko. Mwaka wa 2002 DARPA, shirika la utafiti la jeshi, lilitaka kuwachagulia wanachama. Wakakataa, wakanyimwa mkataba. 2019 Pentagon ikawatema tena, na shirika linalosimamia silaha za nyuklia likawadaka bila kushindanisha mtu.

Mimi nasema ilikuwa sawa. Ukishindanisha washauri, anayeshinda mara nyingi ni yule anayejua bosi anataka kusikia nini. Sharti langu ni moja: ripoti isiyo ya siri ichapishwe, mlipa ushuru ajisomee. Ama mnaonaje, wasee?