Haraka na Harakati

Jan Moss alipotengeneza filamu yake ya makala kuhusu vijana wa muziki wa singeli wa Dar es Salaam, aliipa jina The Singeli Movement: Greed for Speed. Nimekaa na jina hilo siku nyingi nikilitafutia Kiswahili chake, na kila neno nililoligusa limenipeleka mbali kuliko nilivyodhani.

Nusu ya kwanza inakuja yenyewe: Harakati za Singeli. Nusu ya pili inataka kasi, au spidi, au haraka. Hapo nikasimama. Haraka na harakati ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusogea, kuondoka pale ulipokuwa. Kiswahili kiliwapokea pamoja kisha kikawalea tofauti. Haraka akapewa methali ya kumkemea, kwamba hana baraka. Harakati akapelekwa kwenye siasa, kwenye harakati za uhuru, na siku hizi amezaa mwanaharakati, mtu wa makongamano, kesi na matamko.

Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati wamewarudisha ndugu hao chini ya paa moja. Singeli hupiga mapigo 200 kwa dakika, mara nyingine hukaribia 300, wakati muziki wa madisko ya Ulaya huzunguka 120 au 130. Emsii anayeghani juu ya mapigo hayo (nasema kughani kwa makusudi, maana ni neno la washairi na hapa limefika kwao) hana pa kuvuta pumzi ila katikati ya neno. Ukimuuliza harakati zake ni zipi, huenda asikupe tamko lolote. Atakupa shida ya kodi ya chumba, mpenzi aliyehama, jirani mchonganishi, sifa za kina mama wenye shughuli yao, vyote kwa mkupuo mmoja. Kwangu mimi hizo ni harakati kamili: mtu ambaye hakuna aliyempa zamu ya kusema amejaza dakika moja maneno ya dakika tatu.

Mdundo wenyewe hutengenezwa kwa kompyuta ya kawaida. Mtayarishaji huchukua kipande kifupi cha taarabu au cha ngoma, hukirudiarudia, hukikimbiza hadi sauti ya kinanda iwe nyembamba kama filimbi. Hapa nalikumbuka neno la waandaaji wa Tuzo za Muziki za Kilimanjaro, waliokuwa na kipengele cha wimbo wenye vionjo vya asili ya Kitanzania. Kionjo ni neno la jikoni, ni kile mpishi anachotia kwenye kiganja ili ajue kama chumvi imekolea. Kama kuna sanaa inayostahili neno hilo ni hii, maana inaonja kweli, kipande kwa kipande. Lakini asili katika tamko lile ilielekea kuwa kitu cha mbali, cha mkoani, ambacho mwanamuziki wa mjini hukionja kisha akarudi kwake. Asili maana yake ni shina, chimbuko. Na Manzese ni chimbuko. Studio ya Sisso ya Mburahati ndiyo iliyotoa santuri ya Sounds of Sisso, iliyochapishwa Kampala na Nyege Nyege Tapes mwaka 2017. Aliyeisikia Berlin au Tokyo alikuwa anasikia asili ya Mburahati, bila kupitia kijijini kwanza.

Chimbuko hilo lina miaka. Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, ambao wengine huuita mnanda: ngoma za Kizaramo zikiongozwa na kinanda kidogo cha Casio, kilichopitishwa kwenye spika za honi mpaka kikapasuka sauti. Jagwa Music wamekuwa wakiupiga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kamusini chiriku ni ndege mdogo mwenye kelele, na mtu msemaji sana huitwa hivyo. Sikio lililowahi kusimama karibu na Casio ile halishangai maneno hayo mawili yakikaa pamoja. Na nyuma ya mchiriku kuna mdundiko, ngoma ya kumtoa mwali, ambayo haikai uwanjani. Hutembea. Hupita mtaa hadi mtaa ikizoa watu, na mzazi wa Temeke akimkosa mwanawe jioni hujua pa kuanzia kumtafuta: ulikopita mdundiko. Huko ndiko kusogea ninakokusema, kabla hakujapewa majina.

Jambo moja nawaomba wanaoandika maelezo chini ya filamu kama hizi. Msiandike "muziki wa mitaani". Kiswahili kimekwisha kulitumia umbo hilo kwa watoto wa mitaani, yaani wasio na pa kulala. Andikeni muziki wa mtaa. Herufi chache tu, lakini mtaa una mwenyekiti, una ofisi yenye mhuri, una mama lishe anayekujua kwa jina, na una watu wa kulalamika sherehe ya kigodoro ikikesha. Waliozaa singeli wana kwao.

Mwaka 2016 emsii wa singeli Man Fongo alitamba na wimbo wa Hainaga Ushemeji. Kile kiambishi -ga, ambacho lugha nyingi za bara hukitumia kwa jambo la mazoea, mwalimu wa sarufi hukipigia mstari mwekundu. Mwaka ule kilisikika kwenye kila daladala bila kuomba radhi.

Na mwaka huohuo, mwezi Mei, mabasi ya mwendo wa haraka yalianza kazi katika Barabara ya Morogoro, yakipita Manzese katikati. Jina la serikali ni refu na halina anayelitumia. Watu waliyaita mwendokasi, mwendo na kasi vimebanwa katika neno moja, kama abiria wa saa kumi na mbili asubuhi. Nikalirudia jina la filamu na kalamu yangu. Greed nimeiacha iwe uchu, kwa kuwa tamaa ina lawama na uchu una njaa ndani yake. Nikaandika: Harakati za Singeli: Uchu wa Mwendokasi.